Okal Harukwi

Shirati,
14 Februari 1993

Kwa Shemeji Hellen, mama Okal,

Kwanza nakusalimu, na watoto wangu hapa wanakusalimu, na hata ng'ombe mwekundu wa marehemu angekusalimu kama angejua kuandika, maana amezaa ndama jike wiki iliyopita. Sisi ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto. Tangu nilipostaafu ualimu, nalo limeamua kustaafu. Mvua za vuli zilitudanganya, mtama umekomaa nusu shamba.

Dhumuni la kukuandikia ni jambo la heri. Mtoto wetu Okeyo, tangu aje kukaa nami, amekuwa kijana wa kutegemewa, na sasa amepata mchumba. Binti anaitwa Dorcas Aluoch, ni wa watu wa ng'ambo ya mto, ana adabu na anashona kwa cherehani. Wakwe wanatutarajia mwezi wa tisa. Lakini unajua mwenyewe, mtu haendi kuoa huku analala sebuleni kwa baba yake mkubwa. Lazima ajenge simba, nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la marehemu mdogo wangu Josephat.

Hapo ndipo penye ugumu. Kwa desturi yetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na mkubwa ni Okal. Kwa kuwa Okal ana hali yake, nimekaa na wazee wawili wa ukoo, tukaona tumruke ili mambo ya mdogo wake yasikwame. Upo utaratibu wa kufanya hivyo na haumdhuru mtu. Naomba kibali chako ili tuanze kukata nguzo.

Msalimie sana Okal.

Shemeji yako,
Mwl. Yakobo Odeta


Mwanza,
21 Machi 1993

Shemeji Mwalimu,

Shikamoo. Pole na goti. Likande kwa maji ya moto na chumvi, usiishie kulisimulia tu. Hapa mjini sisi hatujambo. Siku hizi kila mtu Mwanza ni mfanyabiashara. Madukani sukari imejaa, sabuni za kila rangi, khanga mpya kila mwezi, kilichobaki ni kuwa na cha kununulia. Viwanda vya minofu ya sangara vinachukua nyama na kutuachia mifupa, nasi tunaikaanga na kuiuza. Tunaiita mapanki. Nami nina karai langu, na wateja wananijua.

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilichana majibu mawili. La kwanza lilikuwa kali, la pili lilikuwa baya zaidi. Hili la tatu ni fupi: Okal harukwi.

Na nguzo, shemeji, umeniomba kibali cha kukata nguzo ambazo Okeyo ameniambia ziko juani kwako tangu Januari. Haya, tuliache hilo.

Unasema Okal ana hali yake. Hali ipi unayoijua wewe? Hujamwona tangu mwaka wa themanini na tisa, tulipomzika baba yake. Kwa nini hujamwona tunajua wote wawili, na leo sitaliandika. Wewe unamkumbuka kijana aliyeziba masikio na kupiga kelele. Mimi nakaa na mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, fundi nyavu wa duka la Mayala kule ziwani. Ndiyo, fundi. Mayala ni Msukuma anayeleta nyavu na nyuzi tangu biashara ifunguliwe, mtu mkubwa, ana sauti kama kengele ya kanisa, na ameapa kwamba hajapata kuona mikono kama ya Okal. Anapitisha wavu kwenye vidole bila kutazama na anakuambia tundu lipi limevutika. Mvuvi mmoja alibisha. Wakapima. Mvuvi akalipa, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na karai langu kichwani, nikajisikia kama nimevikwa taji.

Usidhani ilishuka kutoka mbinguni. Daktari mmoja mgeni aliyepita hapa zamani aliniandikia neno kwenye karatasi, otizimu, akasema watu wa namna hiyo wamezaliwa hivyo, hawakulogwa, na wanajifunza wakifundishwa kwa mpangilio. Akaondoka. Mpangilio nikautafuta mwenyewe. Nilimchorea kazi ya siku nzima kwenye maboksi ya viatu: kuamka, kuoga, uji, njia, duka. Nilikwenda kwa Mayala kabla yake, nikamwambia, mtoto wangu usimguse kutokea nyuma, na ukitaka kubadili kazi mwambie jana yake. Mayala akaniuliza, na sauti yangu je? Nikamwambia, hiyo ipunguze. Akaipunguza! Kelele zikizidi, Okal anakwenda stoo, anakaa katikati ya nyavu mpaka atulie, kisha anarudi kazini bila kuitwa.

Mwezi wa kwanza nilimfuata kila asubuhi kwa siri, nimejitanda khanga ya jirani ili asinitambue. Siku ya pili tu aliniambia wakati wa chakula, "Mama, hiyo khanga ina tundu la moto upande wa kulia. Ni ya Mama Malimi." Nikaendelea kumfuata wiki tatu nyingine, yeye akaendelea kuniacha nimfuate. Siku hizi hupanda kilima na kushuka peke yake, hununua mkate peke yake, hujipikia ugali mgumu kama tofali, na huula wote.

Kwa hiyo chimba shimo la Okal kwanza. La Okeyo litafuata.

Shemeji yako,
Hellen Adoyo


Shirati,
2 Mei 1993

Shemeji Hellen,

Marahaba. Dawa ya chumvi imesaidia. Masika yamekuja, tumelima, barabara imekatika mara mbili, ndiyo maana barua yako imekaa posta. Nguzo zilikatwa mapema kwa tahadhari ya mchwa.

Nimewasomea wazee barua yako, ukiondoa sehemu zilizonihusu mimi. Wameguswa. Hata hivyo wamesema kazi ya dukani ni kazi, na simba ni simba. Anayejenga huja mwenyewe, huchimba mwenyewe, na usiku wa kwanza hulala ndani peke yake. Mama yake hakanyagi. Vijana watamsaidia kuinua paa, lakini nyumba lazima iwe yake. Je, Okal anaweza kufika hapa bila wewe, na kulala bila wewe?

Kama anaweza, milango iko wazi. Tumekubaliana hivi: ikifika tarehe mosi Agosti bila nguzo ya Okal kusimama, tutamruka, nawe usinilaumu. Watu wa Dorcas hawatasubiri mwaka mwingine.

Kuhusu mwaka wa themanini na tisa, sioni faida ya kuchimbua mambo ya msiba.

Mwl. Yakobo Odeta


Mwanza,
6 Juni 1993

Shemeji,

Shikamoo. Nimefurahi mvua zimewafikia. Hapa joto limepungua, homa za watoto nazo zimepungua. Nina habari nyingi, lakini moyo unanikimbiza kwenye hii moja: Okal anakuja. Tarehe tisa Julai, kwa basi la asubuhi. Peke yake.

Nilimuuliza yeye kabla ya kukuandikia, maana nyumba ni yake. Nilimwambia yote, desturi, wazee, tarehe. Siku ya tatu akauliza, "Mlango utakuwa na komeo ndani au nje?" Nikamwambia, ndani, mwanangu, na ufunguo ni wako. Akasema, "Basi nitajenga."

Umeelewa kwa nini aliuliza hivyo? Umesema huoni faida ya kuchimbua. Mimi siwezi kumtuma mtoto kwako jambo hili likiwa limelala katikati yetu, kwa hiyo nitaliandika. Siku ya mazishi ya Josephat, watu walipoanza kukimbiza ng'ombe na kupiga kelele za kufukuza mauti, Okal aliziba masikio, akalia, akawa anagonga kichwa ukutani. Wewe uliwaita wanaume. Mkamfunga kamba kwenye nguzo ya ghala, mkamfungia mlango kwa nje, mkanishika mimi mkono mkasema ni kwa faida yake. Baba yake akashushwa ardhini yeye akiwa amefungwa kama ndama. Hakumwaga hata konzi ya udongo. Miaka minne sasa, na hukuandika hata neno pole. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa mjane wa wiki moja na nilikuogopa. Sikuogopi tena.

Sasa sikiliza, kwa heshima zote. Atakuamkia akitazama vifungo vya shati lako. Si dharau, ndivyo anavyosikia vizuri. Ukimpa kazi, mwambie inaanza lini na inaisha lini. Akiziba masikio, nyamaza na wewe, usimshike, subiri. Anacho kidaftari mfukoni, na ukurasa wa kwanza tumeandika pamoja: "Naomba nikae peke yangu kidogo. Nitarudi." Akikuonyesha ukurasa huo, mpishe. Atarudi. Huwa anarudi.

Safari tumeifanyia mazoezi. Tumekwenda stendi mara tano. Nimemchorea daraja la mto pale Kirumi, njia panda, na nyumba yako yenye bati lenye kutu. Mayala amempa ruhusa ya mwezi mzima, akanung'unika mbele yangu kwamba duka litafilisika, kisha akampa nyuzi mpya kama zawadi ya nyumba.

Nina miaka hamsini na mbili. Siku nitakapoondoka sitaki mtoto wangu awe mzigo wa ndugu kurushiana, huyu mwezi huu, yule mwezi ujao. Nataka awe na mlango wake, na mahali pake katika boma la baba yake panapojulikana na kila mtu. Ni hilo tu. Ukimvunja safari hii, sitakuandikia tena mpaka nakufa.

Hellen


Shirati,
10 Julai 1993
(kwa mkono wa kondakta)

Shemeji,

Amefika jana saa kumi na moja jioni. Alishuka mwenyewe mahali penyewe, ana mfuko wa nyuzi na jembe jipya. Ameviamkia vifungo vyangu. Amekula. Nimeisoma barua yako mara nyingi na bado sijui niijibu vipi.

Yakobo


Mwanza,
17 Julai 1993

Shemeji,

Shikamoo. Amekula nini? Amelala wapi? Barua gani hii ya mistari mitano kutoka kwa mtu aliyefundisha insha maisha yake yote? Nimeunguza mapanki ya siku mbili mfululizo kwa mawazo, wateja wameanza kuninunia. Andika!

Hellen


Shirati,
8 Agosti 1993

Shemeji yangu Hellen,

Nakusalimu kwa heshima ambayo sikukupa zamani. Sisi sote ni wazima, na huyo unayetaka habari zake ni mzima kutuzidi. Alikula samaki wa kuchemsha, akakataa mchuzi uliogusana na ugali, mke wangu akaleta sahani ya pili, mambo yakaisha.

Nianze na kosa langu jipya, kisha nitafika kwenye la zamani. Baada ya kuisoma barua yako nilitaka kufanya jambo jema. Kwa hiyo, kabla hajafika, nilimchimbia mashimo yote ya nguzo, kumi na mawili kwa duara, mimi na goti langu. Nikamwonyesha kwa furaha. Okal akayatazama, akatoa uzi wenye mafundo aliyoyapanga yeye mwenyewe, akapigilia kigingi katikati, akazunguka. Halafu akachukua jembe akaanza kuyafukia. Yote kumi na mawili!

Shemeji, ungeona wazee. Kwetu shimo lililochimbwa ndani ya boma likafukiwa bila kitu kusimama humo, hilo tunalijua moja tu, kaburi. Mzee mmoja alishika kichwa. Mwingine akasema kijana amerukwa na akili, anaita kifo, mfungeni kabla hajamaliza. Wakanitazama mimi, kwa sababu mara ya kwanza ni mimi niliyetoa amri.

Nikasema, "Hapa hafungwi mtu." Okal alikuwa ameshaziba masikio. Akanionyesha ule ukurasa wa kidaftari, nami nikampisha, nikawanyamazisha wazee kama darasa la kwanza. Alikwenda nyuma ya zizi. Tukamsubiri karibu saa nzima, na wazee hawajazoea hilo. Akarudi, kama ulivyosema. Akanyoosha ule uzi kutoka kigingini hadi shimo langu la tatu, halafu la saba, halafu la kumi. La saba lilikuwa nje kwa shibiri nzima. Duara langu lilikuwa kama yai lililokaliwa. Mimi, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja! Yule mzee aliyesema afungwe akaenda mwenyewe kupima, akarudi anacheka mpaka machozi, akasema, "Mwalimu, mtoto amekusahihishia daftari."

Alichimba yake siku mbili. Vijana niliwapanga wawili wawili, kimya, kila mmoja ameelezwa saa yake. Okeyo alimsaidia kufunga fito, na mafundo aliyokosea Okeyo, Okal aliyafungua akayafunga upya bila kumgombeza. Nguzo ya kwanza ilisimama tarehe ishirini na moja Julai, na mbele ya wazee nikasema jina lake: nyumba ya Okal, mtoto wa kwanza wa Josephat.

Usiku wa kwanza alilala ndani peke yake, komeo likiwa ndani. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika nikabisha. Akasema, "Subiri." Nikasubiri nje mpaka alipomaliza kufagia, ndipo akanifungulia.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla sijakaa kitini mwake. Nilimwambia, mwanangu, nilikufunga siku ya kumzika baba yako, nilikosea, nisamehe. Alifikiri. Akasema, "Kamba ilikuwa ya katani. Iliuma hapa na hapa." Akanionyesha mikono. "Usirudie." Kisha akauliza kaburi liko upande gani, nikampeleka. Alikaa huko hadi jua likawa kali, akachukua konzi ya udongo, akaiweka juu.

Nawe nakuomba radhi, Hellen. Sikuandika pole miaka minne kwa sababu nilijua nilikosea, na mtu aliyezoea kusahihisha wengine huona tabu kuliandika neno hilo. Limeandikwa sasa.

Keshokutwa anapanda basi kurudi kazini kwake. Ufunguo kaufunga shingoni. Watu wawili wa kijiji wameshaomba awapimie nyumba zao, amewaambia watasubiri hadi likizo.

Yakobo


Shirati,
27 Septemba 1993

Shemeji Hellen,

Habari za leo hazitaki salamu ndefu, lakini tuko salama, na asante kwa khanga uliyompa Okal amletee mke wangu. Alimkabidhi akamwambia bei yake, tumeshamzoea.

Jana tulikwenda kwa wakwe. Tulikuwa wanaume saba, Okal na Okeyo pamoja nasi. Nilimweleza Okal mapema nani atakaa wapi, nani ataongea, na kwamba kutakuwa na soda na maneno mengi. Akachagua kiti kilicho karibu na mlango. Kwa saa nzima alikuwa anahesabu mabati ya paa lao.

Babu yake Dorcas ni mzee wa maneno makali. Katikati ya mazungumzo akanyoosha fimbo yake akasema, tumesikia mengi, sasa sisi binti yetu hatumtoi kwenye nyumba isiyo na kichwa. Josephat amelala. Ni nani mkubwa wa nyumba hii?

Mimi nilishafungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa kujibu, na jibu nilikuwa nimelikariri tangu nyumbani. Wenzangu nao walikuwa wananitazama mimi.

Okal akasimama. Akatazama vifungo vya shati la yule mzee. Akasema, "Mimi."

Akakaa. Yule babu alimwangalia muda, akaishusha fimbo, na tangu hapo kila neno lililohusu nyumba yetu alilielekeza kwa Okal, nami nikabaki kuwa mzee wa kunywa soda. Shemeji, nimefundisha watoto wa watu nusu ya maisha yangu, na sijawahi kujivuna kama jana.

Wamekubali. Okeyo anaanza kuchimba Jumatatu, na kaka yake ndiye atakayempimia.

Yakobo


Mwanza,
9 Oktoba 1993

Shemeji yangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Okal amerudi, nimemuuliza ilikuwaje kwa wakwe. Amesema soda ilikuwa ya moto na mabati ni arobaini na manne. Basi. Kwa hiyo inabidi nikusumbue wewe. Barua yako nimemsomea Mayala, nimemsomea Mama Malimi, nimemsomea mwanamke aliyekuja kununua mapanki nisiyemjua hata jina, naye akalia pamoja nami. Lakini haitoshi.

Nieleze tena. Alivaa shati lipi? Alipoinuka, alishika kiti au hakushika? Alilisema kwa sauti kubwa au ya kawaida? Wewe ulikuwa umekaa upande gani wake? Mimi sikuwepo, na desturi haikuniruhusu kuwepo, sawa, sina ugomvi nayo tena. Lakini nilimsubiri miaka sita aseme neno la kwanza, na hili nalo nalitaka lote. Andika kurasa nyingi, mwalimu. Usiruke kitu.

Hellen, mama Okal